Bibi Titi Mohamed: naomba msaada kupanga maisha yake ya siasa, 1955 hadi 1972

MwanaKisiju aliuliza:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Naandaa bango la maonyesho ya historia kwa shule ya sekondari: karatasi moja kubwa, picha tatu, maneno kama 600. Nimemchagua Bibi Titi Mohamed. Shida ni kwamba kila ninapofungua nakuta habari zinazogongana. Huyu anasema alikuwa mbunge wa kwanza mwanamke, yule anasema waziri wa kwanza mwanamke. Huku aliachia uongozi 1967 kwa hiari yake, kule alifukuzwa. Wengine wanasema Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, ndilo lililotaifisha nyumba. Na kuhusu kutoka gerezani, wapo wanaodai alishinda rufaa.

Lingine linanisumbua zaidi ya hayo. Wote wanaandika kwamba aliingiza maelfu ya wanawake TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ndani ya miezi michache "kwa kipaji chake cha kuzungumza". Mwanafunzi akiuliza alifanyaje hasa, sina jibu. Kipaji peke yake hakijazi daftari la wanachama. Wenye kuijua habari hii naomba mnisaidie kwa hatua na kwa miaka.

---

Daftari alijibu:

Nianze na miaka, maana hapo ndipo makala nyingi zinapojikwaa.

Alizaliwa Dar es Salaam 1926. TANU ilianzishwa 7 Julai 1954. Yeye aliingia 1955 pamoja na Boi Selemani, aliyekuwa mume wake wakati huo, na mwaka huohuo akakabidhiwa sehemu ya wanawake ya chama. Usiiite UWT. Mwaka 1955 hapakuwa na UWT, palikuwa na sehemu ya wanawake ndani ya TANU, tena iliyokuwepo kwenye katiba ya chama kabla haijawa na watu. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Dar es Salaam 1955 aliuliza wanawake wa TANU wako wapi, na swali lile likawaharakisha viongozi. UWT yenyewe, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, iliundwa Novemba 1962, baada ya uhuru, ili kuunganisha wanawake wa nchi nzima chini ya chombo kimoja. Mwenyekiti wake wa kwanza ndiye Bibi Titi. Herufi T ikageuka kuwa Tanzania baada ya Muungano.

Mbunge wa kwanza mwanamke: hapana, na hili lirekebishe kwa heshima, halimpunguzii kitu. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, yaani bunge la wakati wa ukoloni, ulifanyika kwa mafungu, 1958 na 1959, kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Wanawake walioingia barazani kwa kuchaguliwa, wakiungwa mkono na TANU, walikuwa Sophia Mustafa kwa kiti cha Waasia, na Lady Marion Chesham na Barbro Johansson kwa viti vya Wazungu.

Mwanafunzi atauliza hapo hapo: kwa nini si Mwafrika? Mwambie aangalie masharti ya kupiga kura. Ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au uwe na wadhifa uliotajwa kwenye sheria. Mama anayeuza vitumbua Kariakoo, mwenye kadi ya TANU na anayehudhuria kila mkutano, hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Wanawake walioijaza TANU wengi wao hawakuweza kuipigia kura. Mimi ningeliweka hili kwenye bango kwa herufi kubwa kuliko orodha ya vyeo.

Waziri wa kwanza: baada ya uhuru Bibi Titi alikuwa waziri mdogo, na Lucy Lameck wa Moshi vilevile. Mawaziri kamili wa kwanza wanawake walikuja 1975, Tabitha Siwale na Julie Manning, wote wawili mwaka mmoja. Kwa hiyo andika "waziri mdogo" na usilikate neno "mdogo".

---

Lelemama alijibu:

Swali lako la pili ndilo lenye nyama, acha nilichukue mimi.

Kabla ya siasa Bibi Titi alikuwa mwimbaji. Alijulikana mjini kwa maulidi na kwa ngoma, na kundi lake liliitwa Bomba. Watu wakisoma "kundi la ngoma" wanawaza burudani ya jioni moja, na hapo ndipo wanapopotea. Kundi la ngoma la wanawake wa Dar es Salaam au la mji wowote wa pwani wa miaka ile lilikuwa chama chenye uongozi. Lina kiongozi anayesikilizwa, lina mtunza fedha, lina michango, lina sare: wote kanga doti moja, na asiyenunua haonekani. Mwenzao akifiwa wanakwenda kwa pamoja na mchango mkononi. Wakishindana na kundi jingine, habari inazunguka mitaa yote kabla ya ngoma kupigwa. Na ndani ya kundi moja unamkuta Mzaramo, Mmanyema, Mndengereko, Mdigo, wanaoongea na kuimba Kiswahili. Mpangaji wa siasa angetumia miaka mitatu kujenga kitu cha namna hiyo, nacho tayari kilikuwepo.

Kazi yake ilikwenda hivi. Hakuanza kwa kusimama uwanjani na kuita wanawake. Alikwenda kwa viongozi wa makundi. Kiongozi mmoja akikubali hujapata kadi moja, umepata kundi zima, kwa sababu wanachama wake wamezoea kumfuata na wanaaminiana na mtunza fedha wao. Mkutano wa hadhara unafuata baadaye, wakati idadi kubwa ya waliosimama pale wameshakubali. Wimbo uliokuwa unamsifu kiongozi wa ngoma unabadilishwa maneno, sauti ni ileile, na kesho yake unaimbwa kisimani. Hadi Oktoba 1955, miezi michache tu tangu kuanza, wanawake 5,000 walikuwa wameandikishwa. Na Bibi Titi hakuwa peke yake: Bi. Tatu binti Mzee alikuwa naye tangu mwanzo na jina lake lisikose kwenye bango lako.

Wanawake wengi wa mjini walikuwa na fedha zao ndogo, za maandazi, za vitumbua, za pombe ya kienyeji, za kupangisha chumba. Ni fedha ambazo hazikupitia mkononi mwa mume, kwa hiyo kununua kadi hakukuhitaji ruhusa.

Na kuna jambo la upande wa wanaume linaloeleza kwa nini TANU iliwahitaji hivyo. Agosti 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wa serikali wa Kiafrika kujiunga na vyama vya siasa. Makarani, walimu wa serikali, matabibu wasaidizi, yaani wasomi karibu wote wa mjini, walifungwa mikono. Nyerere mwenyewe alilazimika kuacha ualimu Pugu mwaka 1955. Waliobaki huru kushika kadi walikuwa wafanyabiashara wadogo, madereva wa teksi, wakulima, na wanawake. Chama kikajengwa na hao.

Kwa hiyo ukiandika "kipaji cha kuzungumza" ongeza walau sentensi mbili za haya. Sauti alikuwa nayo kweli, na ujasiri wa kusimama jukwaani mbele ya wanaume wakati wanawake wa heshima walitarajiwa kubaki nyuma ya pazia. Lakini sauti hiyo ilipita kwenye njia zilizokwisha kuchongwa.

---

Jembe na Nyumba alijibu:

Watu wengi wanarukia 1967, mwaka alioachia uongozi. Mimi naona ufa ulianza 1965, na bango likiuruka msomaji atadhani mwanamke huyu alianguka kwa siku moja.

Katiba ya muda ya Julai 1965 ilifanya nchi iwe ya chama kimoja. Uchaguzi wa Septemba mwaka ule ulikuwa na majimbo 107, na ulikwenda kwa hatua. Anayetaka kugombea anatafuta wadhamini 25 waliojiandikisha kupiga kura jimboni. Mkutano wa TANU wa wilaya unawapigia kura wagombea wote. Majina yanakwenda Halmashauri Kuu ya Taifa, na huko wanateuliwa wawili tu. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma aweke alama yake chini ya picha. Kampeni za mtu binafsi zimepigwa marufuku: wagombea wote wawili wanapanda jukwaa moja, kwenye mikutano iliyopangwa na chama, wanazungumza Kiswahili, na hakuna kutaja kabila, dini wala rangi ya mwenzako.

Sasa mtazame Bibi Titi ndani ya utaratibu huo. Alisimama Rufiji na akashindwa. Nguvu yake yote ilikuwa ya kukusanya watu nje ya taratibu rasmi: mitandao ya mjini, nyimbo, nyumba kwa nyumba, makundi. Sheria za 1965 zilizima kila kimoja kati ya hivyo. Jukwaani ana dakika sawa na mpinzani wake. Na mpiga kura wa bondeni Rufiji hakuwa anaamua kati ya TANU na mkoloni, jambo ambalo Bibi Titi alilimudu kuliko mtu yeyote. Alikuwa anaamua kati ya wana-TANU wawili, yaani nani yuko karibu, nani atafuatilia barabara, zahanati na bei ya pamba. Kiongozi mwenye kazi za kitaifa Dar es Salaam anaanza mashindano hayo akiwa nyuma.

Hakuwa peke yake. Paul Bomani, waziri wa fedha, alianguka uchaguzi uleule. Kwa hiyo usiandike kwamba alikataliwa kwa sababu ni mwanamke tu, wala usiandike kwamba watu walimchoka. Jembe na nyumba viliwaangusha wakubwa wengi mwaka ule.

---

Miiko Mitano alijibu:

Ya 1965 nakubali, lakini bado alibaki na viti viwili vizito: UWT na Kamati Kuu ya TANU. Kilichoviondoa ni Azimio, kwa hiyo mimi sikubali kulishusha daraja.

Halmashauri Kuu ilikutana Arusha 26 hadi 29 Januari 1967, Azimio likatangazwa 5 Februari. Ndani yake kuna miiko ya uongozi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi na asishiriki mambo ya kibepari au ya kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Tena neno "kiongozi" lilimjumuisha na mwenzi wake wa ndoa, kwa hiyo huwezi kuiandika nyumba jina la mume ukadhani umetoka.

Mwiko wa tano ndio uliomgusa. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Akaachia nafasi zake mwaka huohuo, 1967. Alijiuzulu, hakufukuzwa, na hili ndilo jibu la swali lako.

Ila usiishie hapo, maana mwanafunzi atamwona kama bepari aliyekataa usawa. Mwanaume wa tabaka la uongozi wakati ule alikuwa na mshahara, na akistaafu ana kiinua mgongo. Mwanamke mwenye miaka minne ya shule, ambaye ameshapoteza ubunge, uzeeni ategemee nini? Kwa mwanamke wa pwani nyumba ndiyo akiba, ndiyo pensheni, ndiyo kinga akiachwa na mume. Chumba kimoja unalala, vingine vinakulisha. Mwiko uliotungwa kuzuia viongozi wasiwe makabaila ulimpata pia mtu ambaye hakuwa na ngao nyingine. Unaweza kuukubali Azimio na bado ukaliona hilo, mimi naliona.

Kuhusu kutaifishwa, watu wanachanganya sheria mbili. Miiko ya 1967 haikuchukua nyumba ya mtu. Ilisema: chagua, uongozi au nyumba. Sheria ya kutwaa majengo ilikuja Aprili 1971, na ililenga majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, awe mwenye nyumba ni kiongozi au si kiongozi. Kati ya mambo hayo mawili kuna miaka minne na zaidi. Ukiyaweka kwenye sentensi moja umeshaharibu.

---

Daftari alijibu:

Nimalizie kesi iliyompeleka gerezani, ya njama ya kuipindua serikali, kwa kifupi, maana hapa ndipo kila mtu anaongeza chumvi.

Alikamatwa Oktoba 1969. Kesi ya uhaini ilianza Juni 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, na Mwanasheria Mkuu Mark Bomani ndiye aliyeongoza mashtaka. Shahidi mkuu alikuwa Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini, ambacho kilikuwa na makao Dar es Salaam. Kizimbani walikuwa watu 7: Gray Mattaka, John Chipaka, Bibi Titi, Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri wa kazi, Eliya Chipaka, William Chacha na Alfred Millinga. Oscar Kambona, waziri wa zamani, alitajwa kama kinara lakini alikuwa London, hakusimama mahakamani. Kesi ilichukua siku 127. Hukumu ilitoka mwanzoni mwa 1971: kifungo cha maisha kwa wanne, Bibi Titi akiwa mmoja wao, miaka 10 kwa Kamaliza na Chacha, na Millinga akaachiwa.

Alitoka 1972, kwa msamaha wa Rais. Si rufaa. Tofauti hiyo ina uzito: anayeshinda rufaa hukumu yake imefutwa, anayesamehewa anatoka na hukumu yake. Ndiyo maana jina lake lilikaa kimya miaka mingi, na vitabu vya shule vya kipindi kile vilisimulia kupigania uhuru bila yeye. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, ndipo alipoanza kutajwa tena hadharani kama shujaa. Alifariki Johannesburg 5 Novemba 2000.

Wakati wa kuandika, kaa na maneno ya mahakama: "alishtakiwa", "alitiwa hatiani", "alisamehewa". Usiandike "alitaka kumpindua Nyerere" kana kwamba ulikuwepo, wala "alisingiziwa" kana kwamba una ushahidi uliowashinda mawakili. Wanafunzi wajadili wenyewe.

---

MwanaKisiju aliandika:

Shukrani sana wakuu, mmenifungua macho. Sikuwa nimeijua kabisa habari ya waraka wa 1953. Naomba jambo moja la mwisho: maneno 600 hayatoshi haya yote. Nikate wapi? Na kwenye picha tatu, ya tatu sijui niweke nini.

---

Lelemama alijibu:

Toa maneno 250 kwa 1955 hadi 1958. Usione haya kwamba karibu nusu ya bango ni miaka mitatu, ndiyo miaka aliyofanya jambo ambalo mwingine hakulifanya. Uchaguzi wa 1965 maneno 80, pamoja na mchoro wa jembe na nyumba, watoto wataukumbuka huo. Azimio 120. Kesi 80, zisizidi. Kinachobaki ni kuzaliwa, UWT na kufariki.

Vyeo vya uwaziri kata. Sentensi moja inatosha.

Kwenye maelezo ya picha za mikutano ya TANU uwe mwangalifu: picha nyingi zinazozunguka mtandaoni zimebandikwa mwaka wowote. Kama chanzo chako hakitaji tarehe, andika "miaka ya 1950" na uachie hapo. Na usimwache peke yake kwenye picha zote tatu. Tafuta moja yenye wanawake waliojipanga kwa sare, hao ndio waliokuwa daftari lake.

---

Jembe na Nyumba alijibu:

Picha ya tatu piga mwenyewe. Nenda kona ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed na Barabara ya Morogoro, pale ilipo DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), upate kibao cha jina la barabara kinachosomeka vizuri. Nenda Jumapili asubuhi, siku za kazi daladala na bodaboda zitakuziba. Simama upande ambao jua liko mgongoni kwako, vinginevyo maandishi yatang'aa na hutaona kitu. Wanafunzi wengi wa Dar wamepita pale mara mia wakiwa kwenye basi, sasa watajua wanapita kwa nani.

---

Miiko Mitano alijibu:

Na kichwa cha bango usiweke "Mama wa Taifa" wala jina lolote la kumpamba. Weka jina lake na miaka yake: Bibi Titi Mohamed, 1926–2000. Chini yake mstari mmoja: "Wanawake 5,000 ndani ya miezi michache, 1955". Ukimaliza rasimu iweke hapa tuipitie kabla hujapeleka kuchapa, hasa ile aya ya nyumba.